Maji ya Kumpelekea Guka

Mshumaa unaowaka una harufu yake, na mshumaa uliozimwa sasa hivi una yake. Hii ya pili ndiyo inayonirudisha nyuma: moshi mwembamba wenye mafuta mafuta, unaoingia puani na kukataa kutoka. Jumapili iliyopita mshumaa huo niliuzima mimi, kwa pumzi yangu mwenyewe, ndani ya darasa la sande skuli la kanisa lililonilea, watoto kama arobaini wakinitazama.

Sikuwa nimepanga, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeenda kumchukua binti yangu, Wambui, mwenye miaka sita. Nikakuta mlango uko wazi na watoto wamepiga laini. Mbele yao amesimama Mwalimu Kezia, msichana mpole, sauti yake ya kubembeleza, ameshika mshumaa. Kila mtoto alikuwa akipita na kuweka kidole juu ya moto mpaka Kezia ahesabu tatu. Hakuna aliyefika. Na kila mmoja akitoa kidole mbio, Kezia alimwambia, "Umeona? Hata tatu hujafika. Na huko hakuna kuhesabu, huko ni milele."

Wambui alikuwa wa tano kwenye laini, na alikuwa analia. Nilidhani anaogopea kidole chake. Kumbe alikuwa anauliza, "Na baba je? Baba hakuji kanisa. Baba ataungua?"

Kezia, bila ubaya wowote moyoni, akampapasa kichwa. "Ndio maana tunamwombea baba, mami. Mwambie aache hiyo kazi ya Jumapili."

Baba Wambui ni askari wa lango katika nyumba moja kubwa kule Lavington. Jumapili asubuhi kazi yake ni kufungua lango ili wenye nyumba watoke na gari waende kanisani.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilipita katikati ya watoto, nikapuliza ule mshumaa, fuu!

"Mama Wambui," Kezia akaniambia, macho yamemtoka, "ni mfano tu."

"Sawa. Washa tena, uweke chako, tuhesabu mpaka kumi."

"Ticha, weka!" mvulana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likacheka, isipokuwa mtoto wangu. Nilimshika mkono tukatoka. Lakini ule moshi ulikuja na sisi. Nilipofika kwenye ngazi za nje, nilikuwa tena na miaka tisa, nimeshika chupa ya maji, natafuta mahali pa kuificha.

Miaka hiyo ya elfu mbili mwanzoni, Riruta yetu bado ilikuwa na migomba nyuma ya nyumba na ng'ombe wawili watatu waliojua njia kuliko watu. Mama yangu aliuza vitambaa katika duka moja mjini, mtaa wa Biashara, akitoka kabla sijaamka. Kwa hivyo mlezi wangu alikuwa Shosho, mamake mama. Na mzigo wa Shosho, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mumewe, babu yangu, Guka.

Guka alikuwa mchomaji nyama. Alisimama nyuma ya bucha moja karibu na barabara ya Naivasha, mbele ya wavu wa chuma na makaa, na aproni ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Ukitoka kanisani ulimsikia kabla hujamwona: kisu chake kikigonga ubao, ko-ko-ko, halafu mafuta yakidondoka kwenye makaa. Alikuwa na mikono ya ajabu. Aligeuza mbavu kwa vidole vitupu, bila koleo, na sisi watoto tulisimama pale tukipiga makofi. "Moto ni kama mbwa," alikuwa akituambia. "Akikujua hakuumi." Halafu akijisahau aliumwa, akaruka akilaani kwa Kikuyu, na sisi tukapiga makofi zaidi.

Sitamfanya malaika hapa. Guka alikunywa. Mwisho wa wiki alirudi nyumbani akiimba, na kuna usiku wa baridi alimfungia Shosho nje kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Shosho alilala na ng'ombe. Alinieleza mara nyingi, na kila mara chumvi ilikuwa ileile na baridi ilikuwa imezidi. Hakumwacha, wala hakumsamehe. Kila Jumapili alipofunga kitambaa cha kichwa kwenda kanisani, na Guka akitafuta kisu chake kwenda kazini, walikuwa na maombi yao ya asubuhi.

"Wewe mzee, utachomwa kama hizo mbavu zako," Shosho alimwambia.

"Basi vizuri. Nitawaonyesha kugeuza."

"Cheka tu. Huko hakuna kugeuzwa."

"Basi watakula upande mmoja mbichi," Guka alisema, akatoka akicheka peke yake.

Kanisa lilikuwa limemwondoa kwenye Meza ya Bwana kabla mimi sijazaliwa. Wasiojua mambo yetu niwaeleze: mshirika akikosa, wazee wa kanisa humsimamisha. Jina lake linabaki kitabuni, lakini mkate na kikombe vinampita. Akitaka kurudi, anasimama mbele ya watu, anakiri, anapokelewa. Asiporudi mpaka akafa, mwili wake haupiti mlango wa kanisa wala mchungaji hamziki. Guka alisimamishwa kwa pombe na kwa kufanya kazi Jumapili. Pombe alikubali ni kosa. Jumapili alikataa. Alisema nyama anayochoma Jumapili wanaikula wazee walewale wakitoka ibadani, na alikuwa tayari kusimama mbele ya watu ikiwa watasimama pamoja naye na vijiti vya meno mdomoni.

Kazi yangu katika haya yote ilikuwa maji. Mtu anayesimama mbele ya makaa tangu asubuhi hukauka koo kabisa, na bomba la bucha lilitoa maji siku ambazo lenyewe lilipenda. Kila Jumapili baada ya sande skuli nilimpelekea Guka maji ya mtungini, kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa ya juisi ya machungwa. Tuliiosha na majivu, tukaiosha na sabuni, lakini maji yake yalibaki na harufu ya machungwa kwa mbali. Guka aliyapenda hivyo. Aliinua chupa, koo lake likapanda na kushuka, kisha akanirudishia ikiwa tupu, na kunipa kipande cha nyama chenye chumvi nyingi mno. Mpaka leo machungwa na moshi wa nyama vikikutana mahali, naona lile koo.

Mwaka nilipoingia darasa la tatu, Guka aliamka siku moja mkono wa kulia haumsikii. Hospitali walisema ni damu iliyopanda. Alirudi bucha baada ya miezi, akageuza mbavu kwa mkono wa kushoto, lakini vitu vidogo vilimshinda: vifungo vya shati, kibiriti, kifuniko cha chupa. Nikifika na maji ananyoosha chupa kwangu tena, bila kuniangalia, na kusema, "Nilegezee." Mimi nalegeza kifuniko, nageuka upande mwingine kidogo, yeye anakunywa. Hatukuwahi kulizungumzia. Mtu aliyecheza na moto maisha yake yote hakutaka bucha nzima ijue ameshindwa na kipande cha plastiki.

Sasa niwapeleke sande skuli ya wakati ule. Jengo lilikuwa la mabati, na mwalimu wetu aliitwa Felista, mama mnene aliyetupenda sana na kutuogopesha kwa mapenzi hayohayo. Alikuwa na picha kubwa zilizochorwa kwenye kitambaa, na ile tuliyoiogopa na kuiomba kila wiki ilikuwa ya tajiri na maskini Lazaro. Tajiri yuko motoni, ametoa ulimi. Juu kabisa, Lazaro amekaa amestarehe. Tajiri anaomba Lazaro achovye ncha ya kidole majini amguse ulimi. Tone moja tu.

"Na akapewa?" Felista aliuliza.

"Laaa!" tukajibu wote, kwa furaha, Mungu atusamehe.

Jumapili moja mimi sikujibu na wenzangu. Niliinua mkono nikauliza kwa nini asipewe. Ni tone tu. Felista akasema wakati wake ulikuwa umekwisha. Nikauliza basi milele ni muda gani. Akafikiri, akasema, "Chukua vyombo vya harusi zote za Nairobi, uvioshe peke yako mpaka uvimalize. Hapo milele hata haijakunja mikono ya shati."

Nilikuwa naosha vyombo kila siku. Nilielewa vizuri sana.

Guka alikufa wiki chache baadaye, Jumanne, kwenye kiti chake, chai ikiwa imepoa mkononi. Sikumbuki nililia vipi. Nakumbuka wazee wawili wa kanisa walikuja wakakaa kwenye makochi na kofia magotini, Shosho mbele yao.

"Mama, tunakuheshimu wewe," mmoja akasema. "Lakini mzee hakurudi. Mchungaji hatakuja. Sisi tutakuja kama majirani, tuombe kidogo na familia."

"Kidogo kiasi gani?" Shosho akauliza.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na hapo nikajumlisha hesabu yangu ya miaka tisa. Kanisa limemkataa. Basi anakoenda najua, nimekuona kwenye kitambaa cha Felista. Na huko anakoenda hakuna hata tone.

Siku ya mazishi jeneza lililetwa asubuhi kutoka mochari ya mjini, likawekwa sebuleni juu ya viti viwili. Guka alikuwa amevaa suti ya kahawia na uso wa mtu anayekaribia kutoa mzaha. Watu walipita wakamtazama, kisha wakatoka uani kwenye chai na mkate, na huko nje kukaanza maneno. Binamu mmoja wa Guka alikuwa akiwauliza wale wazee, kwa sauti, mbavu walizokula miaka yote hiyo zilichomwa siku gani ya wiki. Sebule ikabaki tupu.

Nilikuwa nimeificha chupa chini ya gauni tangu alfajiri. Nilikuwa nimeijaza mpaka shingoni kwa maji ya mtungi, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, kwa mikono miwili, ili yasimwagikie suti. Nilipanda stuli. Nikainua kile kitambaa cheupe kinachong'aa cha ndani ya jeneza, nikaingiza chupa ubavuni mwake, upande wa kulia. Mkono wangu ulikuwa bado ndani niliposikia viatu vya Shosho.

Hakupiga kelele. Alikuja polepole akainua kitambaa, akaitoa chupa, akaitazama kama mtu anayesoma barua.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Guka."

"Ya wapi?"

Nilitazama chini, kule sakafuni, na nadhani kidole changu kilionyesha kidogo.

Nje walikuwa wanabishana bado. Nilingoja kofi, kwa sababu Shosho alikuwa mwepesi wa kofi. Badala yake alijaribu kifuniko. Kilikuwa kimekaza. Akakunja uso, akakishika na pindo la leso yake, akakizungusha mpaka kikatoa ule mlio mdogo, tiki.

"Umekaza hivi, na unajua mkono wake," akaniambia, kwa ukali, kama ambavyo angenikemea kwa ugali mbichi.

Kisha akazunguka jeneza. Akaiweka chupa upande wa kushoto, kwenye mkono uliokuwa na nguvu, akavuta vile vidole vikaigusa. Akafunika kitambaa, akakilainisha na kiganja. Akaenda mlangoni, akawaambia watu wa nje, "Haya, muombe ama msiombe. Mimi yangu nimemaliza."

Waliomba. Kidogo, kama walivyoahidi. Tulimzika nyuma ya migomba.

Sitawadanganya kwamba nilifarijika. Niliogopa zaidi. Niliwaza: ikiwa Shosho naye amelegeza kifuniko, basi ni kweli, moto upo, na Guka yuko ndani. Kwa miezi sikumaliza maji kwenye kikombe. Nilibakisha nusu na kuimwaga chini taratibu pembeni ya nyumba, ili udongo uyapeleke. Nililala nikihesabu: chupa moja, mafunda mangapi? Akinywa moja kwa mwaka? Na milele haijakunja mikono ya shati. Mtoto wa miaka tisa, jamani. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejua nilichokuwa nabeba, na Shosho, aliyejua, hakuwahi kukitaja. Ila kuanzia siku ile hakusema tena kwamba Guka atachomwa. Mtu akianza, Shosho alimwambia aonje chai kama ina sukari.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nimeelewa alichofanya. Mimi si mwanatheolojia. Nilimaliza fomu foo, nashona sare za shule hapa Riruta, na cherehani hunipa nafasi ya kuwaza. Shosho alikuwa na kesi na yule mzee, kesi ya miaka arobaini. Alikuwa na baridi ya usiku ule mifupani mwake. Kama kuna mtu duniani aliyestahili kumwona Guka akitoa ulimi, alikuwa yeye. Naye alipopewa nafasi, akiwa peke yake, hakuna wa kumsifu, hakuweza kumwacha na kifuniko kilichokaza. Hakusema Guka hakukosa. Alijua makosa yake kuliko kitabu cha kanisa. Alikataa tu awe na kiu.

Sasa naambiwa Mungu ni mwema kuliko Shosho. Nakubali, tena natumaini hivyo. Lakini basi mnielezee atakaaje kule juu, akiyaona yale Shosho hakuweza kuyaona kwa dakika moja, na ayaone milele. Sisemi hakuna hukumu. Wako watu ningependa waulizwe maswali marefu, na wengine nawajua kwa majina. Ila maswali hata yawe marefu vipi hufika mwisho. Adhabu isiyoisha haimfunzi mtu kitu. Hakuna siku atakayotoka ameshafunzika. Mimi nikimfanyia Wambui hivyo kwa kosa lolote, majirani wataita polisi, na watakuwa wamefanya vizuri.

Hata hivyo, pengine ningenyamaza. Tumezoea kunyamaza. Alhamisi asubuhi, nikimfungia baba Wambui chakula chake cha kazini, nilikuta ndani ya begi chupa mbili za maji. Moja niliiweka mimi.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Siku hizi Wambui ananiwekea ya pili," akacheka. "Anadhani Lavington hakuna maji."

Nilimwita mtoto. Alikuja amevaa soksi moja.

"Hii ya pili ni ya nini?"

"Si ya leo," akaniambia, akitazama sakafu. "Ni ya ile siku."

Nilikaa kwenye kitanda. Nilimshika mpaka akaniambia namfinya. Halafu nilichukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikachana karatasi mbili, nikaandika. Saa nne nilikuwa ofisini kwa kanisa. Karani alitaka niache barua mezani. Nilikataa kuondoka mpaka agonge mhuri kwenye nakala yangu. Nakala yenyewe ni hii:

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Shule ya Jumapili.

KUH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNDISHO YA MSHUMAA

Mimi ni mshirika kamili wa kanisa hili na mama ya Wambui, wa darasa la wadogo. Nalalamika rasmi kwamba Jumapili iliyopita watoto waliamrishwa kuweka vidole juu ya mshumaa ili wafundishwe jehanamu, na mtoto wangu akaambiwa kwamba babake, asiyekuja ibadani kwa sababu yuko kazini, yuko katika hatari ya moto huo.

Naomba mafunzo haya yakomeshwe mara moja. Naomba Mwalimu Kezia asifukuzwe, kwani alifundishwa hivyo na sisi wenyewe, mimi nikiwa shahidi; ila awarudie watoto hao na kuwaambia kwamba Mungu hachomi baba za watu kwa kufungua lango. Kama Kamati haiamini hivyo, naomba iniandikie, iweke sahihi, nami nitamsomea mtoto barua hiyo mbele yenu.

Mshumaa niliuzima mimi. Siombi msamaha.

Wenu katika Kristo,
Mama Wambui.

Kiambatisho: Chupa moja ya maji, nusu lita, iliyotolewa kwenye begi la baba Wambui. Iwekwe mezani Kamati ikikaa. Kifuniko nimekilegeza.